Mama Mkwe Alipopanda Basi la Kijijini

Watu wa Shanwe, mtaani kwetu Mpanda, wakinisikia nasema nina mji wangu Korea, swali lao la kwanza ni lile lile: Kaskazini au Kusini? Nikijibu Kusini wanashusha pumzi, halafu wanataka kujua kama nilikutana na waigizaji wa zile tamthilia. Sikukutana nao. Mji wangu unaitwa Jeonju, uko mbali na jiji lao kuu, na watu wengi wanaotembelea nchi ile wanaupitia kwa siku moja tu. Mimi niliishi pale miaka miwili, nikisomea uhifadhi wa nafaka kwa ufadhili.

Niliupenda kwa sababu unatembeleka kwa miguu. Kijito kinapita katikati, pembeni yake kuna njia ya watu, na asubuhi wazee wanatembea wakirusha mikono kama askari wa gwaride. Kuna mtaa wa nyumba za zamani zenye mapaa ya vigae vyeusi yaliyopinda kwenye ncha. Kuna soko, na ndani ya soko kuna mama aliyekuwa anauza supu ya chipukizi za maharage. Nilikula supu yake karibu kila asubuhi. Hakuwahi kuniuliza natoka wapi. Alinijua kama yule dada anayeomba pilipili ya ziada, na katika nchi ya ugenini hilo lilinitosha kabisa.

Nilipoondoka kwenda huko, binti yangu alikuwa ameanza kutambaa. Nilimwacha kijijini Kasansa kwa mama mkwe wangu. Mume wangu kazi yake ilimweka Mpanda siku za wiki, na mama mzazi wangu, pale mtaa wa Misunkumilo, alikuwa anamuuguza baba. Mama mkwe hakusema atamlea wala hatamlea. Alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akamfunga mgongoni, akaenda kuangalia ndama. Ni Msukuma, familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini akiwa bado msichana, na maneno yake ni ya kuhesabu.

Niliporudi, mtoto alikuwa anaongea Kisukuma na alinificha uso. Ilichukua muda, tukazoeana. Mama mkwe naye aliendelea na mambo yake. Hakuniuliza hata mara moja Korea kukoje. Niliponunua zawadi alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka kabatini.

Kwa hiyo chuo nilichosoma kule kiliponialika tena mwaka juzi, kwa mafunzo mafupi ya wiki mbili, nilimwambia mume wangu kwamba nataka kwenda na mama yake.

"Mama yupi?" aliuliza.

"Wako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akapanda pikipiki, akaenda Kasansa. Aliporudi alisema, "Amekubali. Ameuliza tu kama huko kuna baridi."

Ndugu wa mume walishughulikia tiketi ya mama yao. Mimi nilishughulikia pasipoti, ambayo mama alipigwa picha yake akiwa amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemwibia. Tulitoka Mpanda mwezi wa kumi, vumbi likiwa limejaa mijini na mvua bado inasuasua. Ndani ya ndege kubwa mama alikaa mikono kwenye magoti, akiangalia bawa. Tulipokuwa juu kabisa aliniuliza, "Hawa wanaotuletea chakula, nao wamekula?" Nikamwambia wamekula. Ndipo akala.

Siku za mwanzo Jeonju nilijitahidi kumwonyesha kila nilichokipenda. Nilimpeleka mtaa wa mapaa meusi. Nilimwonyesha watu wanatengeneza karatasi kwa maganda ya mforosadi. Nilimlisha wali wao uliopangiwa mboga za kila rangi juu yake. Yule mama wa supu alikuwa bado yupo, alinikumbatia, akampa mama mkwe bakuli kubwa kuliko langu. Mama alikula, akashukuru, akatembea nyuma yangu bila kulalamika. Lakini nilikuwa namwangalia usoni, na uso wake ulikuwa ule wa mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua.

Siku ya nne, tukiwa tumekaa kando ya kijito, alisema, "Mji wako mzuri, mama."

"Asante, mayu," nilimjibu; ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Ni msafi sana. Ila mpunga wanalima wapi? Kila mahali wanakula wali, shamba silioni."

Nilijua kwamba nje ya mji, kuelekea baharini, kuna uwanda mkubwa wa mpunga. Nilikuwa nimepima punje za mpunga wa uwanda huo kwenye maabara kwa miaka miwili. Kuuona sikuwa nimeuona. Nilikuwa na njia zangu: bweni, maabara, kanisa, soko. Siku za mapumziko nililala, au nilipiga simu nyumbani.

"Kesho twende," nilimwambia.

Asubuhi tulipanda basi la kwenda mji mdogo ulio pale uwandani. Majengo yalipokwisha, pande zote mbili za barabara zikawa za manjano. Mpunga ulikuwa umeiva. Mashine zilikuwa zinavuna, na pembeni ya lami watu walikuwa wametandaza maturubai marefu na kuanika mpunga juu yake, wakiugeuza kwa miguu, mistari kwa mistari. Mama mkwe alibandika paji la uso kwenye kioo.

"Kumbe nao wanaanika barabarani!" alisema kwa sauti, mpaka kijana wa kiti cha mbele akageuka. "Kama sisi! Na magari yanapita tu?"

"Yanakwepa, mayu."

"Eee. Yanakwepa." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu tutoke Tanzania.

Kwenye stendi ya mji ule mdogo nilimkalisha kwenye benchi ili niulize mabasi ya kwenda vijijini. Kwenye dirisha la tiketi kulikuwa na foleni fupi. Kikorea changu kilikuwa kimeota kutu, karani akanielekeza mara mbili, nikamshukuru, nikageuka. Benchi lilikuwa tupu.

Nilifikiri ameenda msalani. Nikaenda msalani. Nikazunguka stendi, nikatoka nje barabarani, nikarudi. Mama mkwe wangu hajui neno moja la Kikorea, simu yake ya kitochi ilikuwa haipati mtandao kule, na pasipoti yake nilikuwa nayo mimi kwenye mkoba. Nikaanza kumfikiria mume wangu na ndugu zake, niwaambie nini. Nimempoteza mama yenu stendi.

Nilikimbia dirishani, nikaruka foleni, nikamwambia karani kwa Kikorea kilichovunjika vipande: bibi, Mwafrika, nguo ya maua, hayupo. Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Hakuuliza mengi. Alinyanyua simu akaanza kupigia madereva, mmoja baada ya mwingine, huku akinipungia mkono nitulie. Kwenye simu ya tatu akacheka. Akafunika kinywa kwa kiganja, akaniambia polepole ili nielewe: bibi wa nguo ya maua alipanda basi na mabibi wawili, alikuwa amebeba mzigo wao. Wameshuka kituo cha mwisho. Wako salama, wanatembea wameshikana mikono.

Karani mwenyewe aliniitia teksi na kumweleza dereva mahali. Tulipita katikati ya mashamba, njia nyembamba za saruji, mifereji iliyonyooka. Dereva alikuwa ananisemesha na mimi naitikia tu. Tulifika kijiji cha nyumba chache, na katikati kuna jengo dogo ambalo dereva alinieleza ni ukumbi wa wazee. Mlangoni palikuwa na viatu vya raba vimepangwa, vya zambarau na vya waridi, na katikati yake kandambili za mama mkwe wangu, zenye vumbi la Kasansa ambalo mpaka leo sijui zilipitaje nalo viwanja vyote vile vya ndege.

Ndani, sakafu ilikuwa na joto zuri linalotoka chini. Mabibi kama saba walikuwa wamekaa kwa duara, wote wamekata nywele fupi na kuzitia mawimbi madogo madogo ya saluni, mtindo mmoja kama wamechanjwa pamoja. Katikati yao mama mkwe alikuwa amenyoosha miguu mbele, kitenge kimefunika magoti, anamenya vitunguu saumu. Kulikuwa na lundo. Alinyanyua macho.

"Umechelewa," alisema.

Nikapiga magoti pale pale mlangoni. Nilitaka kulia, nilitaka kumfokea, na mtu hamfokei mama mkwe. Nikasema, "Mayu, nimekutafuta! Kwa nini ulipanda basi?"

"Huyu alikuwa na mzigo mzito," alisema, akimwonyesha kwa kisu bibi mmoja mdogo, aliyepinda mgongo mpaka akisimama ni kama amekaa. "Anavuta gunia, watu wanapita. Nikambebea. Nimeliingiza ndani ya basi, nageuka nishuke, mlango umefungwa. Ningefanyaje? Nikakaa."

"Na mmeongeaje?"

"Nimeongea Kisukuma."

"Kisukuma?"

"Kiswahili nilikiacha. Kiswahili ni cha ofisini. Hawa si watu wa ofisini." Akageukia duara, akasema kitu kwa Kisukuma, na bibi aliyepinda mgongo akamjibu kwa Kikorea kirefu, wote wawili wakacheka. Hakuna aliyehitaji tafsiri yangu.

Lakini nilipokaa nao, nikashika kisu na mimi nikaanza kumenya, kazi ya tafsiri ikaniangukia. Mabibi walikuwa wamejaa maswali. Huyu ni mama yako? Nikawaambia ni mama wa mume wangu. Zikazuka kelele. Mmoja alipiga paja lake. Walikuwa hawaamini: mkamwana amepanda ndege na mama mkwe, kwa hiari yake? Na mume yuko wapi? Amebaki nyumbani na mtoto? Walicheka hilo mpaka mwingine akafuta machozi.

Bibi aliyepinda mgongo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alininyooshea kidole akamuuliza mama mkwe swali, kisha akaningoja mimi.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Nilisita. "Anauliza kama mimi ni mkamwana mzuri."

Mama mkwe aliweka kisu chini. Akafikiri kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Waambie siku ya kwanza nilipomwona sikumpenda," alisema. "Mwembamba, mtoto wa mjini, kukamua ng'ombe hajui. Waambie."

Nikawaambia. Walitikisa vichwa kwa kuelewa kabisa.

"Halafu akaniletea mtoto wa kutambaa, akapanda ndege, akaja huku kwenu. Nilikasirika. Niliona ni mwanamke gani huyu. Waambie."

Nikawaambia. Hilo nilikuwa nalijua siku zote bila kuambiwa, na kulisema kwa mdomo wangu mwenyewe kulikuwa kugumu kidogo, ila si sana.

"Lakini alikuwa anapiga simu. Kila Jumapili. Anaongea anacheka, na nyuma ya kicheko nasikia anavyolia. Nikajua huyu anateseka kama mimi tu. Basi, yule mtoto alipoumwa, nikamwambia mwanangu, usimwambie mke wako. Nikamkataza."

Nilianza kutafsiri nikiwa sijasikia vizuri nilichokuwa natafsiri. Nikafika kwenye neno mtoto aliumwa, nikasimama.

"Aliumwa lini?" niliuliza.

"Mvua za mwaka wa pili. Malaria ilimpanda kichwani. Degedege, macho yamegeuka. Mto ulikuwa umejaa, basi halipiti. Tulipata lori la mpunga lililoweza kuvuka, nikapanda juu ya magunia nimempakata, mpaka Mpanda hospitali. Wakamwongezea damu, ya baba yake. Alikaa siku nyingi bila kufungua macho. Mwanangu alitaka kukupigia, nikamnyang'anya simu."

Mabibi walikuwa wananiangalia, wakingoja. Mkononi nina kitunguu saumu kilichomenywa nusu. Nilijaribu kuikumbuka ile miezi. Nilikuwa kwenye maabara yangu, mji wangu mzuri, nakunywa supu. Nilikumbuka Jumapili fulani mume wangu aliposema mtoto amelala, na Jumapili iliyofuata akasema tena amelala, nikamtania kwamba nimezaa bibi kizee.

"Kwa nini hamkuniambia?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko heshima inavyoruhusu.

"Ungefanya nini?"

"Ningerudi!"

"Ndiyo. Ungerudi. Ungefika umemkuta amepona, au umemkuta amezikwa. Vyote viwili sikutaka uvipandie ndege peke yako." Akachukua kisu chake. "Nilikuwepo mimi. Nilimshika. Alitosha mtu mmoja kushika. Waambie sasa, wanangoja."

Sikuweza. Bibi aliyepinda mgongo hakuwa ameelewa neno, ila alikuwa ameona. Alijivuta kwenye sakafu mpaka kwangu, akanishika shingo kwa mkono wenye harufu ya vitunguu, akanipigapiga mgongoni kama anavyopigwa mtoto anayetakiwa acheue. Nililia pale. Mama mkwe aliendelea kumenya, akarudia hata vitunguu vilivyokwisha kumenywa.

Nilipotulia niliwaeleza yote, vipande kwa vipande. Hakuna aliyecheka. Bibi aliyepinda mgongo akasema kwamba yeye mwaka uliopita alianguka bafuni akavunjika nyonga, akalazwa, na mwanawe aliye ng'ambo hakuambiwa mpaka alipoweza kusimama tena. Kila akipiga simu alijibiwa mama yuko shambani. "Tutawasumbua ya nini?" alisema. "Wako mbali."

Nikamtafsiria mama mkwe. Alitikisa kichwa polepole, akamwangalia yule bibi kwa muda mrefu.

"Na huyo mwanawe aliye mbali, anakuja?"

Nikauliza. Bibi alinyoosha vidole, akavikunja. Anakuja mara chache.

"Watoto wa kijiji hiki wako wapi?" mama aliuliza. "Tangu tufike sijasikia mtoto analia."

Walijibu kwa zamu. Hakuna watoto. Vijana wako mijini. Shule ya kijiji ilifungwa zamani, jengo limegeuzwa ghala. Mdogo kuliko wote pale ukumbini alikuwa na umri wa mama mkwe wangu, na wenzake walikuwa wanamtuma maji kama msichana wa kazi. Hilo walilisema kwa kicheko. Mama hakucheka. Kasansa ukimwita mtoto mmoja wanakuja kumi. Alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, ingawa hakuna aliyeweza kutusikia, "Wana kila kitu hawa. Barabara mpaka mlangoni, sakafu ya moto. Halafu wako wenyewe."

Walitulisha mchana: wali mpya wa uwandani, supu, kachumbari ya majani ya kabichi yenye pilipili iliyomfanya mama mkwe akohoe na kuomba nyingine. Walimshika nywele, naye akawashika zao. Baadaye yule bibi akatutembeza mpaka shambani kwake, taratibu, akisukuma kigari cha kuegemea. Mama alichuma suke, akasugua viganjani, akapuliza makapi, akatafuna punje. Yule bibi naye akafanya hivyo hivyo. Walisimama wanatafuna, wanaangalia mbele, na upepo ulikuwa unapita juu ya mpunga. Mimi nilikaa ukingoni mwa mfereji. Hasira ilikuwa inanijia na kuondoka. Nilijaribu kumwona mama mkwe juu ya yale magunia, mvua inanyesha, mtoto wangu mapajani. Nilimwona vizuri, na hasira ikakosa pa kukaa.

Basi la jioni lilipokuja, mama alivua kitenge chake cha juu akamfunga yule bibi mabegani. Yule bibi alituletea mfuko wa matunda yao ya rangi ya chungwa, yanayofanana na nyanya kubwa, mazito kweli kweli. Walishikana mikono mpaka dereva akapiga honi, kwa adabu, mara moja. Ndani ya basi mama alikaa dirishani, akapunga mkono hata pale ambapo kijiji kilikuwa hakionekani tena.

"Umenikasirikia?" aliuliza, bila kugeuka.

"Kidogo, mayu."

"Sawa," alisema. "Kasirika tu." Akatoa tunda moja, akalifuta kwa nguo, akanipa.

Siku zilizobaki tulizitumia nje ya mji kila nilipomaliza mafunzo ya asubuhi. Tulikwenda kwenye milima miwili iliyosimama kama masikio ya farasi, ambako kuna mtu wa zamani aliyepanga mawe yakawa minara. Tulikwenda mahali penye mawe makubwa ya makaburi ya kale, mama akayazunguka kwa heshima akiwa amevua kandambili. Jioni tulirudi Jeonju, tukala supu. Mama alianza kuongea. Aliniambia mambo ya mtoto ambayo sikuwa nimeyaona: siku aliposimama kwa kushika mkia wa ndama, neno lake la kwanza, jinsi alivyokuwa anaibusu simu Jumapili ikishakatika. Nilikuwa namuuliza, ananijibu. Mengine alikuwa ameyaweka kwa miaka yote hiyo akidhani yataniumiza. Yaliniumiza, na nilimwomba aendelee.

Mume wangu alitupokea uwanja wa ndege wa Mpanda na gari la rafiki yake. Mama alikaa nyuma, na kabla hatujafika barabara kuu alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mzigo. Nilimwambia mume wangu, "Mama ameniambia kuhusu mtoto na lori la mpunga."

Alipunguza mwendo, akaegesha pembeni, akazima gari. Hakujitetea. Akaanza kunieleza upande wake: alivyoliona lori linaingia geti la hospitali, mama yake juu ya magunia amelowa chapachapa, hataki kumwachia mtu yeyote mtoto, mpaka nesi akalazimika kupanda juu kumfuata. Alieleza jinsi alivyotoka nje ya wodi kila Jumapili ili anidanganye. Alisema kudanganya kulikuwa kugumu kuliko kutoa damu. Nilimshika mkono. Tukakaa hivyo mpaka jasho likatutoka, joto la mwezi wa kumi likiwa limeingia ndani ya gari lililozimwa.

"Nyie hamuendi?" mama aliuliza kutoka nyuma, macho bado yamefumba. "Mtoto anangoja."

Mume wangu akawasha gari, tukaenda Shanwe.